Mjapani Aliyemwita Mabula

Mjini Bariadi, ukitoka stendi kuelekea Somanda, kuna banda moja la bati ambalo karibu kila gari lililotoka Japani lazima lipite, hata kama mwenye gari hajajua bado. Magari hayo hushuka bandarini yakiwa yanaongea. Ukiwasha, mwanamke usiyemwona anakusalimia Kijapani. Ukirudi nyuma anakuonya Kijapani. Ukizima anakuaga kwa adabu ambayo mkeo hajawahi kukuonyesha tangu siku ya ndoa. Wiki ya kwanza mwenye gari anacheka na kuwaitia majirani waje wasikie. Wiki ya tatu anaanza kuuliza nani anaweza kumnyamazisha huyu mama, na kila mtu anamwelekeza kwa Method.

Method Mabula alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na mitano kati ya hiyo ameimaliza ndani ya dashibodi za watu. Kazi yake ilikuwa kuzifungua redio ambazo hazifiki kwenye masafa ya stesheni zetu, kuzibadilishia masafa, na kuwanyamazisha wale wanawake. Mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache. Mteja angeweza kukaa naye tangu asubuhi mpaka saa nane akaondoka na salamu moja ya "mwangaluka" na "tayari" moja.

Ndani ya redio nyingi alikuta sidii. Mjapani ameuza gari lake akasahau muziki wake ndani, na muziki umevuka bahari mpaka Simiyu bila mtu kuutuma. Method alikuwa akizitoa na kuzirusha kwenye boksi. Aliyeziokota humo ni mwanawe wa kwanza, Mabula.

Kijana huyo alipewa jina la babu yake, baba yake Method, mkulima wa pamba wa kule Itilima, kama ilivyo desturi. Lakini nguvu za babu hakupewa. Alizaliwa na seli mundu. Wenzake walipokwenda kuchuma pamba, yeye aliketi bandani kwa baba yake juu ya kiti cha gari kilichong'olewa, amefunika magoti kwa blanketi hata jua likiwa kali, akisikiliza sidii moja baada ya nyingine kama mtu anayechambua mchele.

Siku moja ofisa mmoja wa Lagangabilili alileta gari dogo jeupe. Sidii iliyotoka humo ilikuwa na picha ya mwanamke aliyefumba macho mbele ya kinanda. "Tupa," alisema ofisa. Mabula hakutupa. Aliipiga siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima. Yale maandishi yaliyokaa kama vijiti vilivyomwagika aliyapiga picha kwa simu mpaka simu ikamfasiria mawili matatu, akaenda nyumbani na habari.

"Mama, huyu nyimbo zote ameandika mwenyewe. Maneno yake, muziki wake, na kinanda anapiga yeye."

"Na ugali anasonga nani?" aliuliza mama yake, Philomena.

Walicheka. Philomena alikuwa mwepesi wa kucheka siku hizo. Mtaa mzima ulimwita Mama Mabula, na aliitika jina hilo kwa sauti ya kupanda, kama anayeitwa kupokea zawadi.

Mabula alikuwa na maoni yake kuhusu yule mwimbaji. Alisema anaimba kama mtu ambaye magoti yanamuuma lakini hataki kuwasumbua wenzake. Maumivu yalipomshika aliomba wimbo wa nne, akawa anaufuatisha kwa maneno yasiyo maneno, akiuma meno. Method alikuwa akiinama zaidi ndani ya dashibodi ili asimwone.

Mwezi wa nne mwaka juzi, saa nne asubuhi, Mabula alisimama kuweka ile sidii ya mwanamke wa kinanda. Hakufika redioni. Maumivu yalimkata katikati ya banda, na sidii ikamtoka mkononi ikaanguka kwenye sakafu yenye mchanga. Method alimrukia, akamnyanyua mzimamzima, na katika kugeuka na mzigo ule akahisi kitu kikikwaruzika chini ya kandambili yake ya tairi. Hakutazama. Siku ya tatu walirudi kutoka hospitali na mwili.

Msibani lilitokea jambo dogo ambalo Method hakuliona kuwa kubwa. Kila mwanamke aliyeingia alimkumbatia Philomena na kusema, "Pole, Mama Mabula." Na kila jina lilipotamkwa, Philomena alijikunja kama aliyepigwa ngumi ya tumbo. Method alihesabu kumi na tano, akashindwa kuendelea. Siku ya kuanua matanga akamvuta pembeni Monika, jirani yao na kiongozi wa kwaya, akamwambia kwa unyenyekevu kwamba tangu leo wamwite mkewe kwa jina la mtoto wa pili. Wamwite Mama Jenipha. Monika aliona ni jambo la hekima. Akawaambia wanakwaya, wanakwaya wakawaambia wa sokoni, na kabla wiki haijaisha Bariadi nzima ilikuwa imebadilisha. Method mwenyewe ndiye aliyetangulia kuonyesha mfano. "Mama Jenipha, naomba maji." "Mama Jenipha, nimerudi."

Hakuna aliyemuuliza Philomena. Miezi kadhaa baadaye alikuja kusema hivi: "Mara ya kwanza niliposikia mtu anamwita Mama Jenipha, nikageuka kumtafuta huyo mama ni nani."

Siku ya arobaini ilipopita, Philomena alikusanya vitu vya marehemu kutoka bandani. Ndani ya blanketi lililoachwa sakafuni siku ile akaikuta sidii. Nyumbani walikuwa na redio ambayo Mabula aliwahi kumtengenezea, redio ya gari iliyofungwa ndani ya boksi la mbao na kuunganishwa na betri ya sola. Akaitia sidii humo. Ilikuwa saa tisa alasiri, Method yuko uani ananawa mikono kwa sabuni ya unga.

Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu. Katikati ya wimbo wa nne kinanda kikanyamaza kidogo, na sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka, ikasema ndani ya nyumba ya Method:

"Mabu-la."

Method aliacha maji yakimwagika.

"Mabu-la," ikasema tena. "Mabu-la." Kisha wimbo ukaendelea na safari yake.

Alipofika mlangoni mikono ikimchuruzika povu, mkewe alikuwa amekaa sakafuni, uso umegeukia chumba cha kijana.

"Umesikia?" aliuliza Philomena.

Method alikuwa amesikia. Lakini fundi ni fundi, akatafuta pa kushika. Akaeleza kwamba sidii imekwaruzika, kwamba redio ikifika kwenye mkwaruzo inaruka, inachukua mwanzo wa neno na kuubandika kwenye mwisho wa neno jingine, na kwamba Wajapani, kama sisi, maneno yao yanaishia kwa irabu, kwa hiyo hata vipande vikigongana vinatoa kitu cha kueleweka. Hakuwahi kusema maneno mengi namna ile tangu azaliwe.

Philomena alimsikiliza mpaka mwisho. "Sawa," alisema. "Na huo mkwaruzo kauweka nani?"

Method alirudi uani kumalizia kunawa.

Ikawa ndiyo ratiba ya nyumba. Saa tisa ikifika, Philomena anaacha alichoshika, anawasha redio, anaweka wimbo wa nne. Yule mama wa Japani anaita mara tatu. Kila anapoita, Philomena anageuza shingo polepole kutazama mlango wa chumba, si kwa hofu, ni kama mtu aliyetuma mtoto dukani na anajua njia aliyopita. Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Method kuliko kilio. Monika alisikia kupitia uzio wa minyaa, akaja na rozari, akasema, "Mama Jenipha, hiyo sauti itupe, si ya kheri." Philomena alimkaribisha chai, akamshukuru, na kesho yake saa tisa akawasha.

Hofu hiyo ilimfuata Method mpaka kazini. Kumbuka kazi yake ni wale wanawake. Kila gari alilowasha lilimsalimia kwa sauti ileile ya heshima, na kila salamu aliisikiliza mpaka neno la mwisho, akingoja kusikia jina. Wanawake kumi, wanawake ishirini kwa mwezi, wote wa Japani, na ni nani angemhakikishia kwamba hawajuani? Siku moja ndani ya gari la mwalimu mmoja wa Nassa alisikia. Aliapa kwamba alisikia. Alizing'oa nyaya zote kwa mkupuo mmoja, na mwalimu akabaki ameshika usukani, anamtazama.

"Fundi, kuna nini?"

"Shoti," alisema Method.

Akaanza kukawia kurudi nyumbani ili saa tisa impite akiwa mbali. Halafu akagundua kwamba hata akiwa mbali, saa tisa ikifika, shingo yake inageuka yenyewe.

Baada ya mwaka na kitu sidii ikaanza kuchoka. Yule mama aliyekuwa akiita mara tatu akawa anaita mara tisa, mara kumi na mbili, haraka haraka, mwisho ikawa hatoki hapo kabisa. Mabula, Mabula, Mabula, kama anayemwita mtu ambaye amekataa kuitika, mpaka Philomena azime. Mchana mmoja akaja bandani, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alikuwa ameifunga sidii ndani ya khanga.

"Itengeneze isife," alisema. "Lakini hapo anapomwita, usipaguse."

"Nitajitahidi."

"Usijitahidi, Method. Usipaguse."

Sidii iliyokwaruzika hutengenezwa kwa dawa ya meno. Mafundi wote wanajua, na haina siri. Unapaka dawa nyeupe kidogo, unachukua kitambaa laini cha pamba, unasugua kutoka katikati kwenda nje, kwa mstari ulionyooka. Kwa mzunguko haifai. Mkwaruzo mdogo unafutika, mkubwa unapungua. Method aliketi kwenye kile kiti cha gari akaanza. Alisugua mikwaruzo midogo ya kandokando, ikaisha. Akafika kwenye ule mkubwa, uliopinda kama ukingo wa soli. Fundi wa miaka ishirini na mitano anajua kwa kidole pa kuacha. Kidole kilimwambia acha. Mkono ukaendelea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, jua likahama kutoka mlangoni likafika ukutani, na alipoinua sidii kuitazama dhidi ya mwanga ilikuwa safi kama imetoka dukani.

Saa tisa Philomena aliwasha. Method alisimama mlangoni, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Wimbo wa nne ukafika pale pake. Kinanda kikanyamaza kidogo.

"Mabuta no ura," iliimba ile sauti, tamu, bila kukwama, ikaendelea mbele.

Philomena alirudisha nyuma. Mabuta no ura. Akarudisha tena. Mara ya tatu yule mama alipita pale pale kama mtu anayepita mbele ya nyumba ambayo hana mwenyeji. Philomena akazima redio.

"Ulikusudia?" aliuliza.

Method angeweza kusema hapana. Ndilo jibu ambalo mume yeyote mwenye akili angetoa.

"Sijui," alisema. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akatoa na lile lingine. "Hata mkwaruzo wenyewe niliuweka mimi. Niliikanyaga siku ile nikimbeba."

"Najua. Alama ya kandambili yako naijua, naifagia uani kila siku." Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. "Ndiyo maana niliipenda. Nilijua mlikuwa wote wawili hapo."

Wiki hiyo Jenipha alikuja likizo kutoka Maswa, anakosoma na kukaa kwa shangazi yake huko Binza. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuta nyumba ambayo mama haongei na baba haingii. Alipoelezwa, alifanya wanachofanya vijana, alichukua simu ya mama yake akaisogeza kwenye spika, simu ikayafasiri maneno.

"Mama, hasemi Mabula. Anasema nyuma ya kope. Anasema, nikifumba macho, nyuma ya kope zangu upo." Macho ya binti yalikuwa yamejaa machozi. "Ni maneno mazuri, mama. Ni kama ameyaandika kwa ajili yetu."

"Mimi sitaki anachosema," alijibu Philomena. "Nataka alichokuwa anasema."

Method alisikia akiwa dirishani. Alasiri ile ile aliipeleka sidii bandani, akachukua msumari, akajaribu kurudisha mkwaruzo aliouondoa. Alikumbuka mpindo wake, alikumbuka upana wake. Akakwaruza, akajaribu. Yule mama akakwama kwenye neno ambalo halikufanana na chochote. Akakwaruza tena pembeni. Kinanda kikakatika. Alivaa ile kandambili ya tairi, akaiweka sidii chini kwenye mchanga, akaikanyaga na kugeuka, mikono ameikunja mbele kama amebeba mtu. Wapita njia wawili walisimama kumtazama. Alipoitia redioni mara ya mwisho, redio iliizungusha, ikaikataa, ikaitema.

Jenipha alimkuta pale. Hakumcheka.

"Twende nyumbani, baba."

"Nenda wewe kwanza. Mwambie Mama Jenipha nakuja."

Binti hakuondoka. Alisimama na mkoba wake, akatazama chini, na alipoanza kusema alisema kwa taratibu, kama mtu aliyekuwa na maneno hayo siku nyingi na anaogopa yasimwagike.

"Baba, Jenipha ni mimi. Kila mtu anaposema Mama Jenipha nasikia amemruka mtu. Sokoni wanaruka. Kanisani wanaruka. Nawasikia kabisa, kabla ya kusema wanakwama kidogo, halafu wanaruka. Halafu wananitazama mimi kama nimekalia kiti cha mtu."

Method alifunga banda saa kumi, mapema kuliko kawaida, wakatembea wawili.

Walipofika, Jenipha alibaki kwenye uzio. Philomena alikuwa ndani, mlango wazi, anachambua dagaa kwenye ungo, na sauti ya ungo ilisikika, shaa, shaa. Upande wa pili wa minyaa Monika alikuwa anatwanga. Method alisimama katikati ya uwanja. Alikuwa na neno moja tu la kusema. Kwa miaka kumi na tisa alilisema mara mia kwa siku, akiomba maji, akiuliza shati, akigomba, akibembeleza. Sasa halikutaka kutoka. Aliogopa kwamba akilisema mkewe atajikunja tena kama siku ya msiba. Aliogopa pia, na hili hakuwahi kumwambia mtu, kwamba akilisema hakuna atakayeitika, na hapo ndipo kijana atakuwa amekufa kabisa.

"Mama Mabula."

Mchi wa Monika ulinyamaza. Ungo ukanyamaza.

Kuku walipita. Method akataka kusema samahani, akataka kusema Mama Jenipha, akataka kurudi bandani akajifungie na wale wanawake wake.

"Abee," iliitika sauti ndani. Ilikuwa sauti kavu, yenye kutu, ya mtu aliyeamshwa kutoka mbali sana.

Method alifungua mdomo akagundua kwamba hakuwa amejiandaa na shida yoyote. Hakutaka maji. Hakutaka chakula.

"Nilikuwa naita tu," alisema.

Philomena akaja mpaka mlangoni, ungo bado mkononi, dagaa wakimwagika miguuni bila yeye kuona. Uso wake ulikuwa umelowa. Alimtazama mumewe kama anayempima kama ni yeye kweli.

"Basi ita tena," alisema.